Wapigakura hujibu rasimu, au humjibu aliyeileta?

SWALI: Nafundisha Historia shuleni Kakamega. Wanafunzi wangu wanauliza: kwa nini huku Magharibi tuliikataa katiba mwaka 2005, tukaikubali 2010, na wengi hatukusoma rasimu hata moja?

JIBU: Mwalimu, kutosoma si ujinga. Fundi wa jua kali hapa Kondele, Kisumu, hana nafasi ya kupitia mamia ya vifungu. Hutazama nani yuko upande gani. Na serikali yenyewe inapoitisha kura ya maoni, wa kwanza kutazamwa ni serikali hiyo.

Chukua kura ya Novemba 21, 2005. Rais Kibaki alikuwa na karibu miaka mitatu madarakani, NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Ikulu, imepasuka, na washirika wake wakilalamika kwamba makubaliano ya 2002 ya kugawana madaraka hayakutimizwa. Raila Odinga na mawaziri wenzake kadhaa wakashika Chungwa, alama ya “hapana”. Ndizi ya serikali, alama ya “ndiyo”, ikapata kama asilimia 42 tu. Siku mbili baadaye Kibaki akalivunja baraza lote la mawaziri, kwa hiyo hata yeye aliyasoma matokeo kama hukumu juu ya serikali yake, si juu ya vifungu.

Agosti 4, 2010, Kibaki na Raila walisimama pamoja, na Kijani, rangi ya “ndiyo”, ikapata zaidi ya theluthi mbili ya kura. William Ruto, aliyekuwa waziri, aliongoza Nyekundu, rangi ya “hapana”, na mkoa wa Bonde la Ufa ukamfuata kwa wingi.

Lakini wanafunzi wasiondoke wakidhani sisi ni kondoo. Rasimu ya 2005 ilimwachia rais madaraka mazito. Ile ya 2010 ilileta kaunti na seneti, jambo ambalo mtu aliyezoea kufuata huduma Nairobi hahitaji kusomewa. Tena viongozi wengi wa makanisa walipinga vikali, wakitaja uavyaji mimba na mahakama za Kadhi, na bado Kijani ikapita.

Si Kenya peke yake. Italia, katika kura ya maoni ya Desemba 2016 ya kupunguza madaraka ya seneti, Waziri Mkuu Matteo Renzi alitangaza kwamba akishindwa atajiuzulu. Hapo swali la seneti likageuka swali la Renzi. Asilimia 59 wakasema hapana, naye akaondoka.

Wape kazi ya nyumbani: wamuulize nyanya au babu alichagua ndizi au chungwa, kisha wamuulize alimsikia nani kwanza.