Spika za laki tatu, kweli zinafaa hiyo bei?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni mtu wa benga na rumba, naishi Migosi hapa Kisumu. Zamu yangu ya chama imefika na nimeona spika za Ulaya Nairobi, zile ndefu za kusimama chini, laki tatu. Hapo kando kuna zingine ndogo za kuweka kwa stendi, elfu 45. Muuzaji anasema nikisikia zile kubwa nyumbani sitataka zingine tena, mama watoto anasema nimerogwa. Sebule ni mita nne kwa tatu na nusu, chini taili. Tofauti iko ama ni jina tu? – Msomaji, Migosi

JIBU: Omera, msalimie mama watoto, ako karibu na ukweli kuliko wewe. Tofauti iko, sikatai. Spika ya bei inashuka chini zaidi kwa besi, sanduku lake ni zito halitetemeki ovyo, na ukifungulia sauti haianzi kukwaruza. Lakini kuna mahali ukipita unaanza kulipia mbao na vanishi, na kwa sebule yako mi naona laki tatu imeshapita.

Hebu ona. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, na kwa chumba cha mita nne kwenda na kurudi ni mita nane, so kinavuma chenyewe karibu na hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi uko hezi 41. Yaani mpiga besi wa rumba akishuka huko chini sebule inamdaka inaguruma naye, wewe wa kiti cha ukutani ndo unaumia zaidi, halafu ukisogea katikati ya chumba besi inapotea kama stima siku ya mvua. Spika ya kushuka sana itakuletea hiyo shida yote, ile ndogo haina nguvu huko chini kwa hivyo haitakusumbua sana.

Kuhusu huyo muuzaji, jua macho yanadanganya masikio: mwaka wa 1994 Floyd Toole na Sean Olive wa Harman, kampuni ya spika kule Marekani, walisikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni yao spika nne, mara zikiwa zimefichwa wasizione, mara wakiziona. Wakiziona, ile system ndogo ya bei nafuu alama zikashuka, zile kubwa za kupendeza zikapanda. Na hao wanakula kutoka kwa spika, sembuse sisi.

Chukua za elfu 45. Ziweke kwa stendi, twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio, zivute kutoka ukutani, tandika zulia nzito na pazia za maana, maanake hizo taili zinarudisha sauti kali. Besi lakini haisikii zulia, hiyo unaitibu kwa kusogeza kiti kidogo kidogo mpaka iache kuguruma. Ungekuwa na sebule ya mita nane huko ushago ningekujibu vingine.

Kabla ulipe, beba nyimbo zako mwenyewe na umwambie muuzaji spika zote mbili aziweke sauti sawa kwa nguvu, maanake desibeli moja tu (kipimo cha nguvu ya sauti) ikizidi hiyo spika itakukaa tamu kuliko mwenzake, na wauzaji wanajua. Geuka uangalie mlango, abadilishe bila kukwambia ni gani inaimba.