Soma chaja, usisome boksi

Safu ya Muulize Fundi Redio, kutoka Ngamiani, Tanga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Chumbageni. Marehemu baba ameniachia spika mbili za mbao. Zilikuwa za redio kubwa ya kaseti, redio yenyewe ilishakufa zamani. Nyuma zimeandikwa omu 6, wati 30. Nina kompyuta ya mezani ninayotungia mitihani usiku, nataka nisikilizie taarab kwa spika hizo badala ya hivi vispika vya plastiki. Nina shilingi elfu themanini. Dukani nimeoneshwa kiamplifaya kimeandikwa wati 200 kila upande, na kingine wati 50 tu, bei ni ileile. Muuzaji anasema nichukue cha 200. Chumba ni kidogo na mtoto analala humohumo. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwalimu, na Mungu amrehemu mzee. Usimwachie mtu yeyote spika hizo, hata akikuambia ni za kizamani. Mezani kwangu zimepita nyingi za namna hiyo, na mara nyingi spika ndiyo iliyokuwa kitu bora kuliko vyote katika redio nzima. Sasa zimekuja kwako, tuzipatie mwenzi wa kufanana nazo.

Tuanze na hizo wati 200. Ukirudi dukani, liache boksi na uombe kuona chaja inayokuja na kiamplifaya chenyewe. Igeuze, tafuta yale maandishi madogo yanayotaja volti na ampea zinazotoka. Tuseme umekuta volti 12, ampea 2. Zidisha: ni wati 24. Huo ndio umeme wote kinaolishwa, kwa spika zote mbili kwa pamoja, na hakuna kifaa kinachotoa kwa mfululizo zaidi ya kinachokula. Boksi likisema 200 na 200 wakati chaja inasema 24, basi aliyeandika boksi hakuwa na habari na chaja.

Volti nazo zina mpaka wake. Chukua volti, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu za spika (kipimo cha inavyoukinza umeme) zilizozidishwa mara mbili. Kwa volti 12 na spika zako za omu 6 ni 144 gawa kwa 12, yaani wati 12 kila upande, na hapo sauti imeshafika ukingoni, ikisogea kidogo inakwaruza. Kwa volti 19 ni 361 gawa kwa 12, unapata 30 hivi. Hesabu hii inafaa kwa vile viamplifaya vidogo vya siku hizi ambavyo chipu yake inaisukuma spika kutoka nyaya zote mbili. Wewe ni mwalimu, utaifanya kwa kichwa hapohapo dukani huku muuzaji anaendelea kusifu.

Sasa jiulize unahitaji wati ngapi hasa. Spika ya mbao ya kadiri ya zako, ukiipa wati 1 na kukaa umbali wa mita 1, hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hivi, moja mbili juu au chini. Wewe hukai mita 1. Uko kwenye meza, umbali wa nusu mita, na kila umbali unapopungua nusu sauti inaongezeka desibeli kama 6. Wataalamu wa afya kazini wanasema sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndio ukomo, ikizidi hapo masikio yanaanza kuumia. Kwa hiyo hiyo wati moja tu, mwalimu, ni nyingi kuliko unavyodhani, na kwa chumba chenye mtoto aliyelala hutaifikia hata robo yake. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla au besi inaposhuka chini. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Usilipie shilingi yako huko.

Ilipie kwenye ukimya. Hili ndilo watu wengi hawaulizi, na kwa amplifaya ya mezani mimi naliweka mbele ya yote. Amplifaya ya ukumbini ikiwa na kile kisauti chembamba cha "shiii", hakuna anayekisikia, msikilizaji yuko mbali na watu wanaongea. Wewe utakuwa na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, karibu na uso kama kikombe chako cha chai, saa nne za usiku, nyumba imetulia. Ile "shiii" utaisikia katikati ya kila ubeti. Wimbo wa zamani wa Black Star au Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, pale vinanda vinaponyamaza na Bi Shakila anabaki peke yake na sauti yake, ndipo utakapojua ulinunua nini.

Kwa hiyo kijaribu kabla hujalipa. Mwambie muuzaji akiunganishe na spika yoyote, bila muziki, kisha sogeza sikio umbali wa shibiri tatu kutoka kwenye twita. Zungusha sauti polepole hadi nusu. Ukisikia mchanga unamwagika, rudisha. Mara nyingi tatizo ni kwamba chipu imewekewa ukuzaji mkubwa kupita haja. Chipu ya TPA3116D2, ambayo utaikuta ndani ya viamplifaya vingi vya aina hii, inaweza kuwekwa desibeli 20, 26, 32 au 36, na kinachoamua ni vikinza (rezista) viwili tu kwenye ubao. Kwa kompyuta, 20 au 26 zinatosha kabisa. Kama umekipenda lakini kinapiga "shiii", fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha vikinza hivyo. Ni vidogo kama punje ya ufuta, usimpe mtu anayetumia pasi ya kulehemea mabati.

Katika hivyo viwili ulivyooneshwa, chukua cha wati 50, kwa sharti moja: kiwe na chipu niliyoitaja au ndugu yake TPA3118. Hiyo 50 yenyewe ni ya mtengenezaji wa chipu, kwa volti 21 na spika za omu 4, sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Angalau ni namba yenye asili. Inakubali umeme kuanzia volti 4.5 hadi 26, na haipotezi umeme mwingi kuwa joto, ndiyo maana kiboksi chake ni kidogo na kinabaki vuguvugu tu.

Nasisitiza kuulizia chipu kwa sababu ya chaja. Wengi tuna chaja ya laptop iliyokufa imelala kabatini, volti 19, ampea 3.42, wati 65, na kwa TPA3116 chaja hiyo ni chakula kizuri kuliko kile kijichaja cha kwenye boksi. Lakini kuna viamplifaya vinavyofanana navyo kwa nje vyenye chipu ya TDA7297. Ni chipu nzuri, sauti yake mimi naipenda, ila mwisho wake ni volti 18. Ukiilisha 19 unaitafutia kifo. Vilevile usitumie chaja ya rauta ya ampea 1 eti kwa sababu pini imeingia. Besi ikipiga, volti zinaanguka, sauti inakatikakatika, na wewe utadhani spika za mzee zimechoka.

Kuna jambo moja naomba ulishike kama ulivyoshika jedwali la kuzidisha. Kwenye amplifaya za zamani waya hasi wa kushoto na wa kulia zilikuwa zinakutana, fundi akazizoea kama waya mmoja. Kwenye hizi mpya hasi si ardhi, nazo zinasukuma. Mimi mwenyewe niliunganisha hasi mbili pamoja kwenye kazi ya mteja ili kuokoa waya. Nilipowasha, nikasikia mlio mfupi kama njugu inapopasuka, kisha harufu. Ubao ule nilimlipa mwenyewe, na kwa wiki nzima nikaenda nao mfukoni. Kwa hiyo kila spika iende na nyaya zake mbili, zisigusane na za mwenzake, wala zisiguse bati la kiboksi.

Kabla ya kuunganisha chochote, zikague spika. Toa kitambaa cha mbele. Weka vidole vinne kuizunguka karatasi, ile koni inayotetemeka, sukuma taratibu ndani kiasi cha unene wa sarafu, halafu iache irudi. Iende kimya. Ukisikia kukwaruza, koili inagusa sumaku. Tazama ukingo unaoishika karatasi: ukiwa wa sponji, huku kwetu unaoza, ukiubonyeza kwa kucha unabaki unga. Huo unabadilishwa, usiitupe spika. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha nyaya zake kwenye vishikio vya nyuma kwa nukta moja tu. Karatasi ikichomoza nje, pale palipo chanya ya betri ndipo chanya ya spika. Fanya kwa zote mbili, maana ukizigeuza moja besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakaa kama imetoka nyuma ya ukuta. Na vile vishikio, kwa upepo huu wa bahari, vitakuwa na kutu ya kijani. Pitisha msasa laini mpaka uone mng'ao. Ukipima kwa mita, usishtuke ukipata 5 na kitu badala ya 6, ndivyo koili inavyopimwa.

Ukishaweka mezani, ziinue kwa vitabu viwili vitatu hadi twita ilingane na sikio, uzigeuze kidogo zikutazame. Sauti ya kompyuta iweke juu, karibu na mwisho, na ya kwenye kiamplifaya uiweke chini, hapo ule mchafuko wa kompyuta utazama. Pesa itakayobaki nunua waya wa shaba wa kawaida wa kutoka kwenye kompyuta, mfupi, wa mita 1. Waya wa bei ghali sikushauri.

SWALI: Fundi, mimi niko Pangani. Kiamplifaya changu kinaunguruma "mmmm" nikichomeka chaja ya laptop, nikiichomoa kinanyamaza. Jirani amesema nikate pini ya ardhi kwenye plagi. Ni sawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usikate. Pini ile ya tatu ipo ili umeme ukivuja upite kwenye waya na si kwenye mwili wako, na kwenye nyumba za pwani zenye unyevu unaihitaji zaidi ya mtu mwingine. Muungurumo wako unatokana na vifaa viwili kukutana ardhini kwa njia mbili, moja kupitia plagi na nyingine kupitia waya wa sauti. Kwanza chomeka laptop na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Kama bado, nunua kile kidude kidogo chenye transfoma mbili ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti, kinapitisha muziki bila kuziunganisha ardhi. Ni cha bei ndogo. Kina ubaya mmoja, cha hovyo kinakula besi, kwa hiyo kisikilize kwanza.

SWALI: Niko Bagamoyo nasoma muziki. Nimepata kiamplifaya cha Bluetooth cha bei nzuri. Kinafaa kwa kurekodi na kupangilia sauti kwenye kompyuta?

JIBU: Kwa kusikiliza, sawa. Kwa kurekodi, hapana. Bluetooth inachelewesha sauti, unapiga kinanda sasa na unajisikia baadaye kidogo, na kachelewa hako kadogo kanatosha kukutoa kwenye mdundo. Tazama nyuma yake. Kikiwa na tundu la waya pia, kinunue, na siku ya kazi tumia waya. Kisipokuwa nalo, kiache hapo dukani.