Kima punju, karafuu na uzio mweupe kitambaani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nachora wanyama na mimea ya kwetu Unguja, nataka kuchapisha vitambaa vya magauni. Nimemchora kima punju ananing'inia kwa mkia kwenye tawi la mkarafuu, kisha nikainakili picha hiyo kwenye tableti mara nyingi, kushoto, kulia, juu na chini. Kwa karibu inapendeza. Kwa mbali naona mistari myeupe kama uzio, na kima wamejipanga kama askari gwarideni. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Uzio huo umetokana na hofu ya kingo. Umemweka kima katikati, ukamzungushia majani, pembeni ukaacha nafasi ili kisikatwe kitu. Kigae, yaani nakala moja ya mchoro wako, kikikaa ubavuni mwa kigae kingine, nafasi hizo zinaungana na kuwa njia nyeupe. Inabidi mchoro uvuke ukingo, na ukivuka ukute pa kushikia upande wa pili.

Anza na karatasi, hata kama kazi utaimalizia kwenye tableti. Chukua mraba wa sentimita 32 kwa 32, uchore kima na tawi lake katikati bila kugusa kingo. Ikate karatasi wima katikati, ndiyo, umpasue kima wako, kisha nusu ya kushoto uihamishie kulia na kubandika kwa nyuma. Ikate tena kwa mlalo, ya juu iende chini. Kingo za zamani sasa zimekutana katikati, na hapo pana uwazi wenye umbo la msalaba. Ujaze kwa matawi na vikonyo vya karafuu, bila kugusa kingo mpya. Kila tawi lililokatwa litamkuta mwenzake.

Kwenye tableti kazi ni ileile: sogeza picha nusu ya upana na nusu ya kimo, na kinachotoka upande mmoja kirudi upande wa pili. Hesabu ya pikseli iwe shufwa. Sentimita 32 kwa nukta 300 kila inchi ni kama pikseli 3,780, nusu yake 1,890. Ukianza na namba witiri, nusu haitakuwa kamili na utabaki na mstari mwembamba kama unywele.

Gwaride nalo linavunjwa kwa kushusha kila safu ya wima ya pili nusu ya kimo. Ukishakata wima, usiibandike nusu ya kushoto hivyohivyo. Ikate mlalo kwanza, kipande cha chini kiwe juu na cha juu kiwe chini, ndipo uiweke kulia. Jaza uwazi kila baada ya kubandika, kisha endelea na ukataji wa mlalo kama nilivyoeleza. Kiwandani uwaandikie wazi kwamba kila safu inashuka sentimita 16. Kabla ya hapo chapisha nakala tisa, zibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano, uyafinye macho. Jicho litakwenda lenyewe penye kasoro.

Sasa kima mwenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Hakuna nyani wala kima wa Afrika anayening'inia kwa mkia. Wenye mkia wa kushika wako Amerika. Mkia wa kima punju unaning'inia tu chini ya tawi, na huo ndio utakaokuvusha ukingo vizuri kuliko kitu chochote. Umemchora pia na kidole gumba. Hana, kimebaki kinundu kidogo tu, naye hushika tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Nenda msitu wa Jozani ukamtazame asubuhi nzima akila majani. Majani ya mkarafuu hukaa mawilimawili yakielekeana, na vikonyo hutoka kwa vishada nchani mwa tawi. Wewe umeyapishanisha kama ya mwembe. Mpemba aliyekulia shambani ataona mara moja.

Kwa kuwa ni kitambaa cha gauni, geuza kima wengine watazame chini au pembeni. Vichwa vyote vikielekea juu, fundi hana njia ila kukata kwa mwelekeo mmoja, na kitambaa kingi kinapotea. Kwenye kanga ningekwambia vingine, kwa sababu kanga haikatwi.

Na zungumza na kiwanda kabla ya kupaka rangi. Wanaochapa kwa silinda wanahitaji silinda moja kwa kila rangi, kwa hiyo rangi 5 zinatosha. Silinda nyingi zina mzunguko wa sentimita 64. Ndiyo sababu nimekupa 32, inaingia mara mbili kamili. Ikiwa wanachapa kidijitali, rangi haina kikomo.

Nitumie karatasi yako ikiwa imekatwa na kubandikwa, kabla hujaihamishia kwenye tableti.