Jibu: Watoto wanachekwa kwa lafudhi ya Kigogo, mkuu wa shule nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na watoto wa watumishi waliohamia wanaowacheka wenzao wa Kigogo. Ungeanzia ofisi ya walimu. Kwetu (shule ya msingi hapa mjini) tangu serikali ianze kuhamia Dodoma 2016 madarasa yamejaa watoto kutoka kila mkoa, na waliocheka lafudhi zaidi walikuwa walimu. Mwalimu akimwiga mtoto mbele ya darasa, wengine watangoja nini?

Mkuu wetu hakuhutubia. Asubuhi moja mstarini alisema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo. Kimya. Kisha sauti chache za nyuma zikaitikia, na mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza, akaitwa mbele awafundishe wenzake kuitikia. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Mrangi, halafu Msukuma. Kufundishia tunafundishia Kiswahili kama kawaida, hilo halikubadilika.

Jambo la pili ni wazazi. Tulikuwa tunaita kikao Januari, katikati ya palizi, halafu tunalalamika eti Wagogo hawajali elimu! Mvua yenyewe hapa ni msimu mmoja, nani aache shamba la uwele aje kusikiliza taarifa ya madawati? Tulipokisogeza hadi baada ya mavuno, viti havikutosha. Kina mama wakajitolea wenyewe kufundisha muheme (mchezo wa ngoma wa Kigogo), na ngoma wakaja nazo.

Utani wa makabila acha uendelee, ila uwe wa pande zote mbili.