Kazi zinazopandana kwenye ratiba: funga na mwisho wake

Ratiba nyingi za ujenzi ninazopewa nizipitie hapa Dodoma zina kasoro ileile. Pale kazi mbili zinapopandana, mtu ameandika "kulaza mabomba kuanze siku 5 baada ya kuchimba mtaro kuanza", akafunga kompyuta. Mimi niko kwenye miradi ya maji, sanasana upande wa Chamwino, kwa hiyo nitasema habari za mtaro. Mwenye barabara au mwenye majengo ya Mtumba atajua abadilishe nini.

Njia ya kupanga kazi iliyoanzia kampuni ya DuPont kule Marekani mwaka 1957 ilijua uhusiano mmoja tu: hii iishe, ndipo ile ianze. Kwa mtaro wa kilomita 6 huo ni utani, maana hakuna anayechimba kilomita zote 6 ndipo ashushe bomba la kwanza. Ndiyo maana programu za leo zinakupa pia mwanzo kwa mwanzo (ile isianze kabla hii haijaanza) na mwisho kwa mwisho (ile isiishe kabla hii haijaisha), zile SS na FF unazoziona kwenye programu ya ratiba ya Primavera. Shida ni kwamba watu wengi wanachukua SS, wanaiacha FF.

Bila FF, kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikiharibika wiki ya pili, ratiba inasogeza mwisho wa kuchimba na kuacha kulaza kuendelee kama kawaida. Utaona mabomba yamemaliza kulazwa kabla mtaro haujaisha kuchimbwa, na programu haitapiga kelele, kwa sababu hukuiambia kitu. Kwa hiyo kila kazi zinazokwenda kwa kufuatana zifunge pande zote mbili. Ukitumia Microsoft Project utakwama kidogo, kwani hairuhusu uhusiano zaidi ya mmoja kati ya kazi mbili zilezile. Dawa yake ni kuweka alama ya siku sifuri, mfano "kuchimba kumeisha", kisha FF ipitie hapo.

Nafasi ya kati ya kazi mbili, kama zile siku 5, nayo usiitoe hewani. Foromani mmoja, mzee aliyezeeka kwenye mitaro, aliwahi kuniuliza: "Injinia, siku tano za nini? Kijiko kikilala, hizo siku tano nazipeleka wapi?" Yeye alikuwa amepigilia vigingi vya rangi kila mita 100, na mafundi bomba hawashuki mpaka kijiko kimevuka kigingi cha tatu. Hiyo ndiyo nafasi ya kweli: mita 300. Siku unazipata kwa kugawa mita hizo kwa kasi ya kijiko, na kasi ikibadilika unazipiga upya.

Sasa kuna mtego ambao hata wazoefu unawapiga chenga. Tuseme kuchimba ni siku 30, kulaza siku 20, kufukia siku 15. Kulaza kusiishe mpaka siku 2 zipite tangu kuchimba kuishe. Kufukia kuanze siku 3 baada ya kulaza kuanza, kusiishe mpaka siku 2 baada ya kulaza kuisha. Kulaza kutaisha siku ya 32, kwa hiyo programu italianzisha zoezi hilo siku ya 12. Kufukia hakuwezi kuisha kabla ya siku ya 34, kwa hiyo kunaanza siku ya 19, na mradi unaisha siku hiyo ya 34. Bosi anaongeza genge la pili la mafundi bomba, kulaza kunashuka hadi siku 10. Mwisho wake unabaki siku ya 32, maana kuchimba hakujabadilika, ila mwanzo wake unasogea hadi siku ya 22. Kufukia kunaanza siku ya 25, kunaisha siku ya 40. Umelipa mafundi zaidi, na ratiba imerudi nyuma siku 6!

Programu haijakosea hesabu. Imechukulia kwamba kazi ikishaanza haisimami, hivyo ikaisukuma yote mbele ili mwisho ukae sawa. Saitini mafundi wangelaza walichokuta, wakasubiri kijiko, wakaendelea. Ukiona kuongeza nguvu kunachelewesha mradi, usianze kubishana na bosi. Tazama kwanza kama kazi hiyo umeiruhusu ikatike katikati.

Jambo ambalo SS na FF haziwezi kabisa ni kusema "usizidi hapa". Zote zinasema "si kabla ya", basi. Na Dodoma hilo ni kubwa kuliko yote niliyotaja. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwenye udongo wa mbuga mtaro uliokaa wazi usiku mmoja wa mvua unaamka umebomoka kingo na kujaa tope. Bado hujahesabu ng'ombe wa watu: akitumbukia mmoja, asubuhi unaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hujanywa chai.

Kwa hiyo ninakata mstari vipande, kila kipande na kuchimba kwake, kulaza kwake na kufukia kwake, kwa uhusiano wa kawaida wa hii iishe ile ianze. Kisha ninaongeza uhusiano mmoja unaorudi nyuma: kufukia kipande cha 1 kuishe kabla kuchimba kipande cha 3 hakujaanza, cha 2 kabla ya cha 4, na kuendelea. Hapo mtaro ulio wazi hauwezi kuzidi vipande viwili, hata dereva wa kijiko awe na haraka kiasi gani. Viungio vya bomba viache wazi mpaka upimaji wa presha upite, na hilo liwe kazi yake kwenye ratiba, lisifichwe ndani ya kufukia.

Urefu wa kipande ninaufuata urefu wa kupima presha, kwa kawaida kutoka chemba ya valvu moja hadi nyingine. Kiangazi ninaweza kuunganisha viwili kuwa kimoja. Laini ndogo ya kwenda kwenye kioski cha maji siikati kabisa. Hiyo SS na FF zinaitosha.