Kabla Hujaandika Andiko la Mradi, Nenda Kapepete Dagaa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma ameniandikia. Anamaliza shahada ya maendeleo ya jamii, anataka kuanzisha mradi wa dagaa wa Ziwa Victoria "unaozingatia mazingira, uchumi na jamii kwa usawa", na anauliza: "Dada, kati ya hayo matatu nianzie wapi?" Acha nimjibu hapa hadharani, maana maswali ya aina hii yamekuwa mengi tangu kikundi chetu kimalize kurejesha mkopo wa halmashauri. Ndiyo, tumemaliza. Ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fungu la wanawake. Waliosema hatufiki popote wanasoma hapa na wanajijua.

Hayo matatu utayakuta kwenye kila semina. Mwezeshaji anachora miduara mitatu inayopishana, anataja ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland ya mwaka 1987, anataja malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, halafu ili tumwelewe sisi wa mwaloni, huku mitumbwi inakoshusha samaki, anamalizia na mafiga matatu. Ripoti sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mafiga. Mafiga unayaokota mwenyewe ukachagua yanayolingana. Ziwani hukuti kilicholingana. Unamkuta mtu anayekula kutokana na uharibifu uleule unaotaka kuuondoa, na ana watoto.

Chukua kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa hadi nchi kavu. Linakomba mazalia ya sato na vifaranga vya sangara hadi ufukweni, na sheria inalikataza. Sheria iko sahihi. Lakini kokoro linavutwa na vijana wengi, wengine hawana hata shati, na jioni kila mmoja anaondoka na chochote. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilichoma nyavu haramu nyingi. Wavu ukishachomwa, yule mvutaji aliyekuwa hana mtumbwi wala kasia anaamkia wapi?

Au mchukue sangara mwenyewe. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaja kujaa miaka ya 1980, na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi sana wakatoweka. Viwanda vya minofu vikaota, ajira zikaja, fedha za kigeni zikaja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na maamuzi ya mtu wa mbali yakatua kwenye bei ya mvuvi asiyewahi hata kuishika hiyo sumu. Ukitafuta uchumi uliokimbia peke yake, usiende mbali.

Sasa yangu. Nilikuwa mhamasishaji wa mradi mmoja, sitautaja. Walitaka kuwatoa wanawake wa mwalo wetu, upande wa Igombe, Mwanza, kwenye kuanika dagaa mchangani na kuwahamishia kwenye vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya nguzo. Wazo zuri, hadi leo nalitetea. Dagaa wa mchangani anabeba mchanga, kinyesi cha kuku na kila kilichopita usiku. Mvua ikimkuta chini, ameoza. Mnunuzi akimtafuna na meno yakasaga mchanga, bei inaanguka, na gunia lililokuwa liende soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwa wateja wa Dar na Kongo linaishia kwenye chakula cha kuku. Halafu ili kufidia ile hasara tunataka ndoo nyingi zaidi kutoka majini. Hapo ndipo mchanga unapogeuka kuwa suala la ziwa.

Vichanja vikajengwa. Mbao mpya, bango kubwa, rangi. Vikajengwa kando ya barabara, mbali na maji, ili wageni wakija na magari waone bila kuchafua viatu. Nikasema: kutoka mtumbwini hadi hapa mwanamke atamlipa mbebaji kwa kila ndoo, faida yote inaishia mgongoni mwa mbebaji. Bosi mmoja akaniambia mbele za watu kwamba kazi yangu ni karatasi ya mahudhurio. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka, leo mnivumilie.

Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko umbali. Pale mchangani kuna kina mama wazee wanaopita na ungo kupepeta. Wanatega upepo, wanarusha, mchanga unaanguka na magamba yanapeperuka, na mwisho wa kazi wanapewa sado ya dagaa waliokatika. Hiyo ndiyo mboga, na ikiuzwa ndiyo daftari la mjukuu. Kichanja hakina mchanga, kwa hiyo hakina mpepetaji. Kwenye andiko zima la mradi hapakuwa na mstari mmoja unaouliza hawa watakula nini. Masika ilipoingia, nguzo zikaanza kung'olewa usiku, moja moja, na zikawa kuni. Ripoti ya mwisho ikasema "uelewa mdogo wa jamii". Ilisomwa hotelini mjini. Sikualikwa.

Uelewa mdogo! Wale mama walielewa kuliko wote.

Tulipoanza cha kwetu, sitawachosha na vikao, katiba na mihuri. Tulianza na wapepetaji, kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Tukakubaliana kwamba dagaa wa kichanja wachambuliwe: furu wadogo watolewe, wakubwa na wadogo watenganishwe, na mchambuaji alipwe pesa mkononi kutoka kwenye ile nyongeza ya bei. Mama mmoja akagoma. Akasema mikono yake inajua ungo, macho hayamuoni furu. Akapewa fimbo ya kufukuza yangeyange, na nawaambieni, hakuna ndege aliyewahi kumzoea.

Vichanja vyetu havipendezi kwenye picha. Viko hatua chache tu kutoka mitumbwi inapofika, nguzo za mikaratusi, kimo cha kiunoni, juu tumetandika nyavu kuukuu za dagaa ambazo zamani zilitupwa ovyo ufukweni na majini. Chini ya wavu pitisha nyaya zilizokaribiana, la sivyo wavu unabonyea katikati, dagaa wanarundikana, wa juu wanakauka na wa chini wananuka. Anika wachache wachache. Turubai liwe karibu, sio nyumbani kwa mwenyekiti. Jua likiwa kali, wa asubuhi unamwanua jioni, mweupe, anavunjika kwa mlio.

Mwezi uliopita mnunuzi kutoka Dar alishika kiganja kimoja, akatafuna, akaongeza kingine, akalipa bei tuliyotaja. Hakubishana. Mimi nimekaa kwenye biashara hii na najua mnunuzi asiyebishana ni wa kuandikwa ukutani.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Musoma, usianze na mazingira, usianze na uchumi, wala hiyo jamii ya kwenye semina. Anza na mtu atakayekosa. Mtafute kwa jina, kaa naye, ujue kwa siku anapata nini, halafu hicho akipate kwanza kabla hujamwambia aache anachofanya. Ushauri wangu wa pili ni huohuo: tafuta atakayekosa. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai za mafuta ya taa na kuhamia taa za sola, na wengi hawakusukumwa na bango. Mafuta yalikuwa yanawamaliza mfukoni. Pale mfuko na ziwa vinapotaka kitu kimoja, kazi yako ni ndogo. Pale visipokubaliana ndipo unahitajika, na hapo ndipo vijana wetu wasomi wanapokimbilia kwenye miduara.

Tuache pia tabia ya kuwahesabu watu kama "wanufaika" kabla hawajanufaika. Mtu amesaini karatasi, amekunywa soda, amepigwa picha, tayari yuko kwenye ripoti. Muogopeni Mungu. Ziwa hili linagawanywa na nchi tatu na karibu nusu yake iko kwetu Tanzania, halafu mpango wake unaandikwa na mtu anayeogopa tope.

Uliuliza pia kama unaweza kuja kuona. Karibu, ila usije siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haiendi na utatukuta tunashona nyavu. Njoo siku za giza, fika kabla hakujapambazuka, vaa viatu vya kulowana. Na uje na hela, dagaa wa kikundi hawatolewi bure hata kwa mgeni wangu.