Kariakoo bado ina cha kuhifadhiwa

Ndugu, umeuliza kama Kariakoo ya Dar es Salaam bado ina historia ya kuhifadhi wakati nyumba zote zimegeuka maghorofa. Ipo, tena nyingi, ila haimngoji mtu.

Jina lenyewe ni kumbukumbu: limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi pale. Mtaa wa Lumumba ndiko chama cha TANU kilikozaliwa mwaka 1954. Na lile soko lililoungua Julai 2021 ni kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu. Tazama paa lake, miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kukusanya maji ya mvua.

Ninachokihofia mimi ni nyumba za Kiswahili. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Kila inapovunjwa moja, baraza linaondoka na maongezi yake. Hizo chache zilizobaki zipigwe picha leo, ndani na nje, ziandikwe mtaa na namba ya kiwanja.

Halafu wafuate wazee wenye maduka. Waombe wakuonyeshe daftari za mauzo, stakabadhi, leseni za zamani, kibao cha duka kilichotupwa stoo. Rekodi sauti zao kwa simu, uwaulize nani alikuwa jirani kushoto na kulia. Anza na bibi yako mwenyewe, kama alipanga chumba pale.